Mkono Juu ya Gia

Mke wangu alinipa onyo moja tu nilipoondoka Kitale Jumamosi ile, nami nilikuwa nimelivunja kabla ya saa tano. Alisema nisitie kitu kinywani nyumbani kwa Mwalimu kabla sijalijaribu gari. "Ukishakula kuku wake hutaweza kumwambia gari lake ni bovu," alisema. "Nakujua."

Nilimjibu kwamba mimi ni mtu mzima mwenye shahada mbili. Alirudi kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake bila kuinua macho, na hilo lilikuwa jibu tosha.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe ya milango minne, ya gia za mkono, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, anayeishi pembeni mwa mji wa Bungoma. Alimfundisha mke wangu darasa la sita, na kwa hesabu yake hilo lilimfanya yeye baba na mimi mkwe. Aliposikia natafuta gari la kupanda mlima alinipigia simu mwenyewe. Alisema lake halijawahi kugongwa, na kwamba hawezi kumuuzia mgeni kitu ambacho mkwe wake anakihitaji.

Nilikihitaji kweli. Mama yangu anaishi juu ya Kapsokwony, mbali kidogo na pale lami inapokoma na udongo mwekundu kuanza. Figo zake zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi, anatakiwa awe Bungoma kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine haimsubiri mtu aliyekwama kwenye tope. Mwanzoni alikuwa akishuka na jirani aliyesafirisha kabichi. Jirani akahamia eneo liitwalo Kwanza, karibu na Kitale, kulima mahindi, mama akabaki na bodaboda. Siku moja ya mvua pikipiki iliteleza, wakaanguka ubavu. Hakuvunjika, lakini Alhamisi iliyofuata alikataa kupanda, na kufikia Jumapili miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vya kanisani havikumwingia. Muuguzi alinivuta kando akaniambia asikose tena hata mara moja. Hakunieleza kwa nini, wala sikuthubutu kuuliza.

Gari langu mimi ni dogo, linajibadilishia gia lenyewe, na linafaa kumpeleka mwandishi kama mimi sokoni na kumrudisha. Nilijaribu kulipandisha kwa mama mara mbili. Mara zote mbili safari iliishia karibu na shule ya msingi, magurudumu yakizunguka papo hapo na watoto wakinitazama kwa huruma. Nilikuwa pia nimembembeleza mama mwaka mzima aje akae nasi Kitale, au nimpangie chumba Bungoma karibu na hospitali. Alisema mtu mwenye ng'ombe hapangi chumba.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wangu. Ni Singasinga, na familia yake imekuwa na gereji hapa Kitale tangu enzi za babu yake. Huniita Profesa, cheo ambacho hakuna chuo kilichowahi kunipa, naye anajua. Nilimwomba tuandamane Bungoma, akakataa. Alisema akitokea yeye na mikono yake ya oili mwenye gari ataona nimemletea polisi. Badala yake alinifundisha jioni mbili, akitumia pikapu ya mteja.

Alisema nifike mapema na nimwombe mwenye gari asiliwashe, kwa sababu sanduku la gia lililolala baridi husema ukweli asubuhi, na likishapata joto linajua kudanganya. Alinionyesha jinsi ya kupima klachi: tia gia ya tatu, vuta breki ya mkono, achia klachi polepole. Injini ikizima papo hapo, klachi ni nzima. Ikiendelea kuunguruma kama vile hujaiambia kitu, inateleza. Alinifanya nikanyage na kuachia, gari likiwa limesimama, nisikilize kama kuna mlio unaokuja na kuondoka pamoja na mguu wangu. Alinichovya kidole kwenye oili ya gia iliyokwisha kumwagwa, akaniambia nisugue hadi nihisi vumbi la chuma.

"Lakini yote hiyo ni pesa tu," alisema. "Ya maana ni hii, Profesa. Teremka mlima na gia ya pili. Toa mguu kwa mafuta. Usiguse gia, iache. Kama imekufa itaruka yenyewe, kak, na gari inabaki haina kitu ya kuishika. Breki nayo ikipata moto, basi. Hiyo ndio utaogopa, bana. Si klachi."

Niliandika yote kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Aliniuliza kama naenda kununua gari ama kufanya mtihani.

Nilifika kwa Mwalimu saa tatu. Pikapu ilikuwa imeoshwa na kuelekezwa langoni, na injini ilikuwa inaunguruma. Alikuwa ameiwasha tangu alfajiri ili nisiikute baridi. "Nimekupashia," alisema, kama mtu anayezungumzia maji ya kuoga ya mgeni. Niliweka kiganja juu ya boneti. Ungeweza kuchoma chapati pale.

Na jikoni moshi ulikuwa unatoka. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Mke wa Mwalimu alikuja na birika na beseni tukanawa mikono, kisha ukaja ugali, kisha sahani ndogo ya peke yake yenye firigisi, ikawekwa mbele yangu. Mtu wa Bungoma hahitaji kuelezwa maana yake. Mnunuzi anaweza kuinuka akasema asante, nitafikiria. Mkwe aliyepewa firigisi hana mlango wa kutokea. Nilikumbuka onyo la mke wangu vizuri kabisa, neno kwa neno, huku nikitafuna.

Baadaye Mwalimu alisimama akaomba. Alimshukuru Mungu kwa barabara zote ambazo gari lile lilikuwa limepita, akamwomba aibariki mikono mipya itakayolishika. Nilipoitikia amina nilijua nimekwisha kulinunua, na kwamba kilichobaki ni sahihi. Karatasi yangu ilikuwa bado mfukoni. Nilijaribu kuwaza namna ya kuitoa mbele ya mtu aliyetoka kuniombea, nikashindwa.

Ndipo nikafanya ujanja ambao wakati huo niliuona mkubwa. Badala ya kusema naomba kulijaribu gari, nilisema, "Mwalimu, si tupande tukamsalimie mama?" Ilikuwa salamu tu, ila njia ya kwenda kwa mama ina mteremko mkali kuliko yote ninayoijua. Mwalimu alifurahi sana. Alisema hilo ni jambo la heshima, mkewe akapakia mkungu wa ndizi nyuma, na yeye mwenyewe akashika usukani, kwa sababu mwenyeji hapelekwi na mgeni katika gari lake.

Tulipita Chwele, tukapita Kimilili, tukaanza kupanda. Nilikaa nimenyamaza kama daktari anayesikiliza kifua. Gia ziliingia bila mlio. Mlimani gari lilivuta bila kulalamika. Mwalimu alizungumza njia nzima juu ya watoto aliowafundisha na walikofika, nami nikaitikia huku masikio yangu yote mawili yakiwa chini ya miguu yetu. Sikusikia kosa lolote. Nilianza kujionea aibu.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa mama. Alituona tangu tukiwa bonde la chini, na tulipoingia uani alikuwa amesimama mlangoni katika nguo za kanisani, mkoba mkononi, amejifunga leso mpya kichwani. Hakuuliza kama anapelekwa mahali. Aliuliza anakaa wapi.

Nilibaki nimeshika mlango wa pikapu. Fundi alikuwa amenionya nijaribu mteremko ule nikiwa peke yangu, barabara ikiwa tupu. Lakini gari la wakwe limekuja, mama amevaa, mzee wa kanisa anamfungulia mlango wa nyuma na kumshika mkono apande. Kumwambia ashuke kulikuwa sawa na kumtangazia Mwalimu mbele ya majirani kwamba siliamini gari lake. Nilifanya jambo moja tu la maana: nilimwomba Mwalimu apumzike, mimi niendeshe kushuka. Alinipa ufunguo akahamia upande wa abiria.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katikati ya barabara udongo ulikuwa umekauka, pembeni bado ulikuwa unang'aa. Upande wa kushoto ni ukingo wa mlima. Upande wa kulia kuna mashamba ya vitunguu yaliyo chini sana, na kati ya barabara na vitunguu hakuna kitu.

Pale barabara inapoanza kuinama nilitia gia ya pili. Niliondoa mkono wangu kwenye gia nikashika usukani kwa mikono miwili. Nikainua mguu kwenye mafuta. Injini iliguna, ikalishika gari, na tukaanza kuteremka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nilihesabu kimoyomoyo hadi ishirini, kisha nikaanza upya. Gia ilikaa. Tulipita kona ya kwanza, ikakaa. Nyuma mama alikuwa akimuuliza Mwalimu kama kanisa lao bado lina kwaya nzuri, na Mwalimu alikuwa anamjibu kwa kirefu, amegeuza uso kidogo. Mwili wangu ulilegea. Nilianza hata kutunga sentensi ya kumwambia kwamba tumekubaliana.

Ndipo nikatazama chini, nikauona mkono.

Mkono wa kulia wa Mwalimu ulikuwa juu ya gia. Haukuwa umepumzika pale. Mishipa ilikuwa imesimama, na kiganja kizima kilikuwa kinaivuta gia kuelekea nyuma, kwa nguvu ya mtu anayezuia mlango dhidi ya upepo. Uso wake haukujua lolote. Ulikuwa kwenye kwaya. Barabara ilipokuwa tambarare kidogo nilitia ya tatu, na mkono ukaondoka ukaenda gotini. Niliporudisha ya pili, ukaja tena wenyewe, kama mkono wa mzazi unaomzuia mtoto asianguke kitandani wakati mzazi mwenyewe amelala.

Sijui kama alijua. Mpaka leo sijui.

Nilichojua ni kwamba kona kali kuliko zote ilikuwa mbele yetu, na kwamba aliyekuwa akilishika gari si injini bali mstaafu wa miaka sitini na kitu. Ningeweza kunyamaza. Ningeacha mkono pale ulipo, tungefika chini salama, tungepeana mikono na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonizuia ni hesabu rahisi: Jumatatu mkono wa Mwalimu hautakuwepo. Nitakuwa mimi na mama, kabla jua halijatoka, na gia hii.

Kabla ya kona ile kuna mahali pafupi mbele ya shule ya msingi ambapo mteremko unapungua na ukingo uko karibu kiasi cha kuegemea. Nilikanyaga breki hadi tukawa tunatambaa.

"Mwalimu," nilisema, "toa mkono nione."

Aliacha kuzungumza. Alitazama chini, akauona mkono wake kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau pale. Hakuniuliza mkono upi. Aliuinua polepole akauweka gotini.

Niliachia breki, nikainua mguu kwenye mafuta. Kwa sekunde mbili hakikutokea kitu. Kisha gia iliruka. Iligonga kiganja changu cha kushoto kilichokuwa kinashuka kuisubiri, kak, kama fundi alivyosema, na injini ikanyamaza, na lile gari zito likatoka mbele kama lililosukumwa. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu iliteleza, ikaegemea ukingo, ikasimama. Nyuma, ndizi ambazo hakuna aliyekumbuka kuzishusha kwa mama ziliteleza mbele.

Mama aliuliza, "Nini hiyo imeruka?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ni jiwe. Neno lilikuwa ulimini, nalo lingetufaa wote. Mwalimu aliniwahi.

"Si jiwe, mama," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ametaja jiwe. "Ni gia ya pili. Inaruka. Mkono wangu umezoea kuishika, mimi nikasahau kwamba naishika."

Niliangalia kioo. Mama alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili, akimtazama Mwalimu kisogoni bila hasira, kama anavyomtazama ng'ombe anayechechemea, kutafuta ni mguu gani unaouma.

Tuliteremka sehemu yote iliyobaki kwa gia ya kwanza. Injini ilipiga kelele hadi watu wakatoka mashambani kututazama. Kwenye kona kali nilikuwa najua kwamba kama ya kwanza nayo itaruka hakuna ukingo wa kuegemea. Mwalimu alikuwa amekalia mikono yake yote miwili. Bodaboda zilitupita moja baada ya nyingine, na dereva mmoja aliinama dirishani akapaza sauti, "Buda, hiyo gari iko na gia zingine, ujue!"

"Mwambie tunaziweka za kesho," mama alisema, na ndiye peke yake aliyecheka.

Tulipofika lami nilisimamisha gari na kuzima injini. Nilimwambia Mwalimu kwamba siwezi kulichukua gari namna hii. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuzungukia hilo, maneno ya shahada mbili, lakini hayakuja. Alisema angekuwa yeye asingelichukua pia. Alisema litakwenda kwa fundi wangu, si wake, kwa gharama yake, na likishindikana ataliuza vipande.

Nilimgeukia mama nikamwambia nitatafuta gari la kukodi la kumrudisha nyumbani. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

"Nirudi huko nipande tena pikipiki Jumatatu?" alisema. "Nimeshashuka. Sitapanda mpaka hii kitu itengenezwe." Kisha akamuuliza Mwalimu nyumba yake iko umbali gani na hospitali. Mwalimu alisema ukisimama nyuma ya jiko unaona paa lake. Mama akasema basi, jirani atakamua ng'ombe. Mwaka mzima wa kubembeleza kwangu ulikuwa umeshindwa na gia moja mbovu.

Mama alikaa kwa Mwalimu wiki tatu. Hakukosa mashine hata siku moja, na kila nilipokwenda kumwona nilimkuta amevua viatu, miguu yake imepungua, akimfundisha mke wa Mwalimu jinsi watu wa mlimani wanavyopika kitoweo chao.

Pikapu ilifunguliwa Kitale. Mwalimu alikuja siku hiyo akiwa amevaa koti, akasimama kando ya meza ya kazi kama mzazi aliyeitwa shuleni. Fundi alitoa gia ya pili akaipangusa, akampa aishike. Meno ya ubavuni, yale yanayopaswa kung'ata, yalikuwa yameliwa hadi yakawa mviringo. Uma unaosukuma gia ulikuwa umepinda.

"Mzee," fundi alimwambia, "miaka hii yote spea ya hii gari ilikuwa ni wewe."

Mwalimu aliigeuzageuza ile gia mkononi. Hakucheka, lakini aliomba aende nayo nyumbani, na fundi akamfungia kwenye gazeti.

Wiki iliyofuata tulipanda tena, mimi na Mwalimu peke yetu. Safari hii nilifika kwa fundi alfajiri, injini haijawashwa, na nilitoa karatasi yangu mbele ya macho ya kila mtu. Juu ya mlima tuligeuza. Nilitia ya pili, nikaondoa mkono, nikainua mguu. Mwalimu alikuwa amefunga mikono kifuani, macho mbele. Tulipita shule. Tuliingia kona kali, mashamba ya vitunguu yakafunguka upande wangu, na nilisikia tu injini ikiguna. Gia haikutikisika. Tulifika chini nikasimama, nikageuza, tukapanda tena bila kuelezana kwa nini. Tukateremka mara ya pili. Ilikaa. Tukapanda, tukateremka mara ya tatu, na shati langu lilikuwa limelowa mgongoni ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Chini, Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini, "Mkwe, umeridhika?"

Nilimwambia ukweli. Nilisema bado, kwa sababu Jumatatu nitakuwa na mama.

Alifikiri kidogo, akavuta mkanda wa kiti chake akaukaza.

"Basi rudia," alisema.